Kioo na Moto Usiowashwa na Mtu

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, alikuwa fundi wa kung'arisha fanicha kwa miaka arobaini. Hakuunda hata kigoda. Kaka yake ndiye aliyeunda. Kazi yake yeye ilianza pale randa na patasi zilipowekwa chini. Alipiga msasa, akapangusa vumbi, akachovya kitambaa katika mafuta ya mbegu za kitani, yale ambayo mafundi huyaita linsidi, akasugua mbao kwa kufuata mishipa yake mpaka zikatulia. Kwenye meza aliyoimaliza ungeweza kuona kama umechana nywele vizuri, na ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Kioo. Mimi peke yangu niliendelea kumwita shemeji, kwa sababu sioni kwa nini mazoea yapunguze heshima.

Naandika habari zake kwa kuwa zimesimuliwa mno na watu wasiozijua. Familia yetu haikuzoea kujadiliwa vibarazani, na ikiwa lazima ijadiliwe, basi heri ijadiliwe kwa usahihi.

Alikuwa mtu wa maneno machache, mwembamba, mwenye kucha za rangi ya chai. Ujanani alivuta sigara. Aliacha siku alipokuja kumwona mwanangu mchanga, nikamwambia hatambeba mtoto huku ananuka vile. Hakubishana. Alitoa pakiti mfukoni, akaizamisha kwenye ndoo ya maji ya kufulia, akanawa mikono, akampokea mtoto. Hakuvuta tena. Lakini kiberiti kilibaki mfukoni mwa shati lake siku zote, maana vijiti vyake alivizungushia pamba, akavichovya mafuta na kuvipitisha ndani ya nakshi ambamo kidole hakiingii. Kila mteja aliyewahi kumwona kazini alilijua hilo. Ilipofika siku ya kulikumbuka, wote walikuwa wamelisahau.

Mume wangu alikuwa mtu wa utaratibu. "Karakana siyo jalala," alikuwa akisema, na alitaka aingiaye ajue amefika kwa watu wanaojiheshimu. Alitunga sheria saba, nami nikaziandika kwa rangi nyeupe juu ya ubao mweusi, kwa mwandiko wangu wa darasani. Sheria ya tatu ilisema: Kitambaa kilichotumika kikunjwe mara nne, kipangwe sandukuni, sanduku lifunikwe. Aliogopa moto, kama kila seremala mwenye akili. Aliamini kwamba moto hutoka nje: cheche, jua, sigara ya mteja, jiko la gundi. Kwa hiyo matambara yenye mafuta aliyaficha ndani ya sanduku la mbao, kwenye kona, mbali na vyote hivyo. Wateja walilisifu sanduku lile. Mafundi wa karakana mbili za mtaa wa pili walikuja kulitazama, wakatengeneza ya kwao. Na mimi nililisifu, nisijitoe.

Mume wangu alipofariki, mwanangu mkubwa alishika karakana, na Kioo akaendelea na kazi yake kama jana na juzi.

Miaka miwili baadaye walipata kazi ya milango kumi na sita ya ukumbi. Ilikuwa wiki ya joto kali. Mwanangu alinunua mafuta ya aina mpya, yanayokauka upesi, ili milango ipelekwe Jumatatu. Jumamosi Kioo alipaka tangu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Siku ya kawaida alichafua matambara manne au matano. Siku hiyo yalizidi thelathini. Aliyakunja yote mara nne, akayapanga, akafunika, akafunga mlango na kuondoka. Hakuna sheria aliyoivunja.

Jumapili saa nne asubuhi alikuwa kwangu, anakunywa chai. Fundi cherehani ambaye chumba chake kinapakana na karakana alikuja mbio, hata salamu hakutoa.

"Mama, karakana inatoa moshi!"

Kioo alitoka na kikombe mkononi. Nilipofika mimi, kwa mwendo wa umri wangu, watu walikuwa wamejaa mlangoni. Moshi ulipita chini ya mlango na kwenye matundu ya dari, mweusi, wa polepole. Fundi viatu wa mtaani, tunayemwita Gundi kwa sababu akishakushika kwa maneno hubanduki, alikuwa tayari amevunja kufuli. Kioo alikuwa ameegemeza mgongo mlangoni, mikono ameitandaza.

"Msifungue!" alisema. Sijawahi kumsikia akipaza sauti vile. "Hamna mtu ndani. Uacheni umefungwa! Leteni mablanketi yaliyolowa, tuzibe hapa chini, tuwaite zimamoto."

"Wewe una wazimu?" Gundi alimjibu. "Moshi utatokaje? Moto unafungiwa ndani kama kuku?"

"Ukifungua unaupa nguvu, Gundi."

"Mali ya marehemu kaka yako inateketea, wewe unailindia mlango! Jamani, mtoeni huyu."

Wakamtoa. Wanaume watatu walimburuta kando, Gundi akafungua milango yote miwili kwa pamoja. Kwanza moshi ulimwagika nje. Kisha ukasita na kurudi ndani, kana kwamba chumba kimevuta pumzi. Halafu ukatokea mshindo, na mwali ukatoka kwa urefu wa mlango mzima. Gundi aliruka nyuma akiwa mzima, ila hana nyusi. Mtu mwingine akamwaga ndoo ya maji kwenye debe la mafuta lililokuwa likiwaka karibu na kizingiti. Maji yalizama chini ya mafuta yale ya moto, yakageuka mvuke papo hapo na kuyarusha juu, moto ukaenea ukutani na kumbabua mguu. Debe la pili Kioo alilifunika kwa kifuniko chake, akalizima bila tone la maji. Hakuna aliyelitazama hilo.

Zimamoto walikuja, wakamaliza. Milango kumi na sita ilikuwa mkaa, nusu ya paa imeanguka, na ukuta wa fundi cherehani umeiva. Mkubwa wa zimamoto aliandika kwamba chanzo hakijulikani. Afadhali angeandika lolote lile, maana nafasi aliyoiacha wazi mtaa uliijaza kabla ya magharibi. Kioo ndiye aliyetoka mwisho Jumamosi. Kioo alikutwa na kiberiti mfukoni. Kioo alivuta sigara zamani, na mvutaji haachi, hujificha tu. Na kubwa kuliko yote, Kioo alizuia mlango ili paungue vizuri.

Jumatatu mwenye jengo alikuja kukagua. Ni mtu wa haki kwa kadiri yake. Alisema ataezeka upya na kuturudisha, kwa sharti moja: mtu aliyechoma jengo lake asikanyage tena humo. Alitaka jibu Jumamosi saa kumi alasiri. Tukishindwa, vyumba vina mpangaji mwingine anayevisubiri.

Mwanangu alikuja kwangu jioni hiyo.

"Mama, baba mdogo apumzike. Ana miaka sitini na moja. Aende kwa shangazi, tutamtunza."

"Amekwambia alivuta sigara?"

"Ameapa hakuvuta. Lakini kitu gani kingine, mama? Moto haujiwashi."

Nilikubaliana naye. Sitaki kuficha hilo. Nilidhani jina la familia lingelindwa zaidi kwa mtu mmoja kuondoka kimya kuliko kwa wote kubishana hadharani. Nikajitwisha mwenyewe kwenda kumwambia.

Alikuwa na chumba kimoja, kitanda, meza na viti viwili.

"Karibu, shemeji. Kaa kile, hiki mguu wake unacheza."

"Fundi wa fanicha, na kiti kinacheza?"

"Mganga hajigangi," alisema.

Nilimweleza. Alisikiliza huku akisugua kucha zake kwa kidole gumba. Kwa miaka thelathini na minne hakuwa amefanya kazi nyingine, wala mahali pengine.

"Nimeelewa," alisema mwishowe. "Nitakwenda kwa dada. Ila nikuulize kitu, maana wewe umefundisha watoto wa watu. Kitu kinaweza kuwaka bila kuwashwa?"

"Hapana," nilimjibu. "Moto lazima uwashwe."

"Basi. Nilidhani labda ni lile joto."

"Joto gani?"

"La matambara. Yakiwa mengi, nikitia mkono sandukuni jioni nayakuta yana joto. Kama yai ulilomnyang'anya kuku."

"Labda sanduku lilipigwa na jua."

"Lilikuwa kwenye kona, shemeji. Habari za jua lilizisikia kwa jirani tu."

"Kaka yako ulimwambia?"

"Nilimwambia, zamani. Akasema ni joto la mikono yangu."

Nilifundisha kemia miaka ishirini na tisa. Kila mwaka nilichora ubaoni vitu vitatu ambavyo bila kimojawapo hakuna moto: kitu cha kuungua, hewa, na joto la kutosha. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia mwanafunzi kwamba joto hilo lazima litoke kwenye kiberiti. Lakini shemeji yangu aliponiuliza swali la maana kuliko yote ya maisha yake, nilimjibu kama mpita njia.

"Usifungashe mizigo bado," nilimwambia.

Nieleze hapa jambo ambalo watu wengi hulikosea. Nguo iliyolowa maji hukauka kwa sababu maji huondoka, huenda hewani. Mafuta ya kitani hayaendi popote. Yanapokauka huvuta oksijeni kutoka kwenye hewa na kuungana nayo, ndipo yanapogeuka ngozi ngumu inayong'aa. Muungano huo ni ndugu wa ule unaotokea ndani ya moto, ila ni wa taratibu, na kila muungano wa namna hiyo hutoa joto. Kwenye mlango uliopakwa, joto hutoka na kupotea kadiri linavyozaliwa, huwezi kulihisi. Kwenye tambara lililoanikwa, vivyo hivyo. Lakini ukikunja matambara thelathini na kuyabananisha sandukuni, kila moja linakuwa blanketi la mwenzake. Joto likikosa pa kwenda hukusanyika, na likikusanyika huharakisha muungano, na muungano huleta joto zaidi. Kifuniko cha sanduku letu kilikuwa na nyufa, kwa hiyo hewa ilipita ya kutosha kulisha, isitoshe kupoza.

Hayo nilikuwa nayajua vipande vipande. Kuyajua kwa kuyaona ni jambo lingine.

Alhamisi saa mbili asubuhi tulikuwa uani kwangu, mimi na Kioo. Nilikuwa nimeazima vipimajoto viwili kwenye shule niliyofundisha. Alitengeneza kisanduku kidogo cha mbao, tukachovya matambara kumi na tano katika mafuta yaleyale mapya, akayakunja mara nne na kuyapanga, kipimajoto kimoja katikati. Tambara jingine moja lenye mafuta hayo tulilitandaza kwenye kamba ya nguo na kulibania kipimajoto cha pili. Yale tuliyofutia mikono tuliyazamisha kwenye ndoo ya maji.

Saa tatu sandukuni palikuwa nyuzi ishirini na saba, kambani hivyohivyo. Saa tano, thelathini na nne. Kambani, ishirini na tisa, kwa sababu ya jua tu. Saa saba, arobaini na tisa. Kioo alitia kidole ubavuni mwa sanduku.

"Yai," alisema.

Saa nane ilikuwa sabini na moja, na ikaanza harufu kali, kama rangi iliyochomwa. Kabla ya saa tisa kipimajoto kilifika mwisho wa namba zake, mia moja na kumi. Nilikichomoa kisipasuke. Moshi ulianza kupita kwenye nyufa, mwembamba, mweupe. Hapakuwa na mwali wowote. Wasemao penye moshi pana moto wawe na subira: moshi hutangulia, mwali hufuata ukipata hewa.

Alifungua kifuniko. Matambara ya juu yalikuwa masafi, mtu angeweza kuyatumia tena. Ya katikati yalikuwa meusi kama mkaa, na hewa ilipoyafikia, ukingo wa moja ukawa mwekundu, ukapepesa, kisha mwali mdogo ukasimama wenyewe. Kioo aliutazama kidogo, kisha akalitumbukiza sanduku lote kwenye ndoo. Lile tambara la kambani lilikuwa limekauka, gumu kidogo, baridi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu Jumapili. Kisha kicheko kikamkatika, akanigeukia.

"Shemeji. Kukunja ilikuwa sheria ya kaka."

"Najua. Mimi ndiye niliyeiandika."

"Basi tusiseme."

"Unasema nini?"

"Yeye hawezi kujitetea. Mimi ninaweza kuondoka. Watu wakijua sanduku la kaka ndilo lililochoma, watamcheka kaburini. Acha waseme nilivuta. Ni sigara tu."

Alimaanisha kila neno. Alikuwa tayari kutoka katika karakana ile na jina la mwongo, ili kaka yake abaki na jina la mtu makini.

Ijumaa nilimweleza mwanangu. Uso ulimbadilika.

"Mama, tukisema hivyo hadharani tutakuwa tumemzika baba mara ya pili. Baba mdogo mwenyewe amekubali. Unamlazimisha nini?"

Nusu yangu ilikuwa upande wake. Mume wangu aliishi miaka sitini na sita bila mtu kumnyooshea kidole. Nilipita naye barabarani nikiwa nimeinua kichwa, na sikutaka kukiinamisha sasa. Niliwaza kusema nusu: kwamba matambara yalijichoma yenyewe, bila kutaja nani aliagiza yakunjwe. Nilikwisha kuyapanga maneno. Ndipo nikakumbuka zile karakana mbili za mtaa wa pili.

"Wale wenzenu walioiga sanduku letu," nilimwambia mwanangu, "leo matambara wanayakunja mara ngapi?"

Alifikiri. "Mara nne."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu baba alikuwa anafanya hivyo."

"Basi nenda kawaambie wayaanike. Watakuuliza sababu. Utawaambia nini?"

Alichukua kofia yake, akatoka. Alirudi baada ya saa moja. "Nimewaambia," alisema. Kwenye karakana moja walikuwa wamekuta sanduku lina joto.

Jumamosi niliwaalika uani mwenye jengo, Gundi na fundi cherehani. Kwa kuwa namjua Gundi, sikutaka aje kukuta sanduku tayari, aseme tumeficha kaa la moto ndani. Nilimwita saa mbili asubuhi, nikamkabidhi mafuta, matambara na sanduku jipya, akachovya na kukunja mwenyewe, akalikagua sanduku juu na chini kama anayenunua. Kisha akaketi mbele yake na viatu vyake vya kushona, askari asiye na nyusi. Kioo alikaa upande wa pili wa ua, mbali, kama nilivyomwagiza.

Mwenye jengo na fundi cherehani walifika saa saba. Tulipokuwa tunasubiri, Gundi alianza.

"Haya, mwalimu, tuseme matambara yamejichoma. Na mlango je? Huyu aliuzuia kwa sababu gani? Moshi ungetoka, watu wangeona pa kumwaga maji."

Nilimletea mshumaa. Niliuwasha, nikauacha uwake vizuri, nikaupuliza. Moshi mweupe ukapanda kwenye utambi. Nikawasha kijiti na kukiingiza katika moshi ule, upana wa vidole viwili juu ya utambi, bila kuugusa. Mwali ulishuka kwa njia ya moshi, ukaruka, ukatua kwenye utambi.

"Rudia," alisema mwenye jengo.

Nilirudia mara tatu. Mara ya tatu Gundi alifanya mwenyewe.

"Moshi ule si takataka za moto," niliwaambia. "Ni chakula ambacho bado hakijaliwa. Hata gogo likiwaka, mwali hautafuni gogo. Joto hulitoa gogo mvuke, na mvuke ndio unaowaka. Karakana ilikuwa imejaa mvuke na moshi wa namna hiyo, wenye joto, na hewa ilikuwa imekwisha. Moto ulikuwa unakufa kwa njaa. Gundi akaufungulia mlango."

Gundi alijipapasa pale nyusi zilipokuwa. "Kwa hiyo nyusi zangu..."

"Nyusi zako ulizila mwenyewe," fundi cherehani alimwambia. "Na ukuta wangu ukaufanya kitoweo."

Saa tisa na robo moshi ulianza kutoka sandukuni. Gundi aliruka kutoka kwenye kigoda, viatu vikatawanyika.

"Haki ya Mungu sijaligusa! Nyote mmeniona, sijaligusa!"

Kioo alisema kutoka upande wake wa ua, taratibu: "Mfukoni una nini, Gundi?"

Fundi cherehani, ambaye hakuwa na mzaha na ukuta wake, alimtia mkono mfukoni. Akatoa pakiti ya sigara na kiberiti. Hata mwenye jengo, ambaye sijui kama aliwahi kucheka mbele ya wapangaji, aligeuka kutazama ukuta.

Kioo alikuja, akafungua kifuniko, wakaona walichokiona, akamwaga maji. Ndipo mwenye jengo akauliza swali nililolijua tangu Ijumaa.

"Nani aliagiza yakunjwe?"

"Mimi ndiye ninayeyakun..." Kioo alianza.

"Shemeji, nyamaza." Nilisimama. "Ni mume wangu. Aliagiza kwa kuogopa moto, na aliambiwa kwamba yana joto, hakuuliza. Mwenye elimu ya kumjibu alikuwa anakula naye meza moja. Mimi ndiye niliyeiandika sheria hiyo ubaoni, kwa mwandiko mzuri, na sikuwahi kujiuliza inasema nini. Huyu alitii tu."

Nilihisi uso wangu umekuwa wa moto, nami si mtu wa hali hiyo.

"Marehemu alikuwa mtu makini," mwenye jengo alisema hatimaye.

"Alikuwa makini. Na alikosea. Hayo mawili yamekaa ndani ya watu wengi."

Mwenye jengo aliitikia kwa kichwa, akachukua fimbo yake. "Kufuli jipya nimeshanunua. Funguo nimpe nani?"

Niligeuka kumtazama mwanangu. Alikuwa amesimama mlangoni.

"Mpe baba mdogo," alisema. "Yeye ndiye anayefunga."

Mtaani bado wapo wasemao kwamba mume wangu alichoma karakana yake mwenyewe akiwa amekufa, na wengine wanashikilia ileile ya sigara, maana kisa chenye mkosaji husimulika vizuri zaidi. Nikiwasikia huwarekebisha mara moja tu, kwa ufupi, kisha naendelea na safari yangu. Ubao wa sheria, uliosalimika na moto, niliuomba. Nilifuta ile ya tatu, nikaandika kwamba kitambaa kilichotumika kitandazwe peke yake mahali penye hewa, au kizamishwe majini, na mwanangu akaning'iniza ubao ule mahali pale pale.

Paa lilipokwisha, Kioo aliingia na mkanda wa kupimia. Hakuangalia sana kuta mpya. Alikuwa anatafuta mahali pa kufunga waya wa kuanikia, na alitaka upepo wa dirishani uufikie.

"Meza yako tuiweke wapi, baba mdogo?" mwanangu alimuuliza.

"Subiri kwanza nipate pa matambara," alisema. "Mimi nitakaa popote patakapobaki."

Alifanya kazi humo miaka sita mingine, mpaka macho yalipoanza kumkatalia mishipa ya mbao.